Paua saplai ya kompyuta ndogo, kwa stima ya kando ya ziwa

Anayejijengea kompyuta ndogo Migori au Homa Bay huchagua prosesa kwa makini, kisha kwenye paua saplai anachukua yenye wati nyingi kwa bei nafuu. Namba hiyo kubwa ya wati ipuuze kwanza. Soma jedwali lililobandikwa ubavuni, utafute safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiksi zinakula karibu umeme wake wote hapo. Zidisha ampea zake kwa 12. Zipo zilizoandikwa 500 W kwa herufi nene, na chini yake volti 12 imepewa ampea 20 tu. Hizo ni wati 240.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ikifanyishwa kazi kikamilifu hufika wati 76 hivi, kadi ya RTX 4060 imewekewa kikomo cha 115, na mazabodi, diski na feni zikipewa 40 zinatosheka. Jumla haifiki 250. Hata hivyo nanunua ya 450, na sababu ni stima yetu.

Mvua ya alasiri inapoanza, taa hukonyeza hata kabla stima haijapotea. Katika mkonyezo huo paua saplai huishi kwa chaji iliyohifadhiwa ndani ya kepasita yake kubwa. Viwango vya ATX kabla ya toleo la 3.1 viliitaka ishikilie mzigo kamili kwa milisekunde 16 au 17, ilhali mzunguko mmoja wa stima ya hezi 50 huchukua milisekunde 20. Iliyobebeshwa hadi mwisho wa uwezo wake ina haki ya kuzima kwa mkonyezo wa mzunguko mmoja tu. Ikibeba nusu, chaji ileile hudumu karibu maradufu, na kompyuta inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikichagua kati ya wati za ziada na taa za rangi, sifikirii mara mbili.

Sasa ichukue mkononi. Nzuri ina uzito, maana ndani mna shaba na bamba za kupoza joto. Soma maandishi madogo kwenye ganda la waya: 18AWG ni nene ya kutosha, 20 au 22 ni nyembamba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unene wa waya unavyopungua. Halafu mulika tochi ya simu kupitia matundu, upande unaoingia stima. Unatarajia kuona koili ya shaba, kepasita ya mraba, mara nyingi ya njano, na vijidude viwili vya buluu. Hao ndio walinzi wa mlango. Ukiona mahali pao pamebaki tupu, au pameunganishwa kwa kipande cha waya, irudishe. Usiifungue kujiridhisha: kepasita kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Angalia pia stima inayoikubali. Iliyoandikwa 100–240 V itavumilia laini dhaifu ya kijijini mwisho wa nguzo, ambako jioni volti hushuka watu wote wakiwasha. Yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 iache dukani. Mkono wa mtoto ukiisukuma kwenye 115, inalipuka.

Kwa kesi ndogo umbo la kawaida ni SFX, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. SFX-L ina kina cha 130, na feni yake kubwa zaidi huwa na utulivu, mradi kina hicho hakigongani na nyaya za kadi. Flex ATX ni nyembamba, lakini feni yake ya milimita 40 hulia sana. Homa Bay kuna joto, na joto ndilo linalozeesha kepasita: kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yake hupungua nusu. Dai kepasita za nyuzi 105, si 85. Weka wavu kwenye tundu la hewa pia, kwa sababu wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku na feni huwavuta ndani.

Paua saplai ya mashine ya mtumba ya ofisi, Dell au HP, usiitegemee kwa kompyuta mpya. Nyingi zina umbo na viunganishi vya kwake pekee.

Kwa aliye kisiwani, Mfangano au Takawiri, akitumia betri ya sola, ziko bodi kama M4-ATX zinazopokea volti 6 hadi 30 moja kwa moja, wati 250, bila inveta.

Na ukiguswa na mtekenyo wa stima unaposhika kesi, usiilaumu paua saplai. Vile vijidude vya buluu humwaga umeme kidogo kwenye bati, na waya wa ardhi ulipaswa kuuondoa. Mwite fundi wa stima akague waya huo nyumbani, na kama haupo, apige fimbo ya shaba ardhini kabla hujanunua chochote kingine.