Herufi Nene Juu ya Mabati

Msomaji, ukipata siku ya kwenda Kibera, shuka Toi sokoni, kisha utembee kuelekea Makina bila haraka, nawe uinue macho. Usitazame bidhaa, tazama maandishi yaliyo juu yake. Kinyozi, mshonaji, muuza unga, mganga wa meno, shule ya watoto wadogo: kila mmoja ana ubao au kipande cha bati kinachomtangaza. Fanya vivyo hivyo Kawangware, katika Barabara ya Naivasha. Wako watu wasemao kuwa maandishi hayo ni fujo ya rangi isiyo na elimu. Nataka kuyapinga maneno yao, walau kwa sehemu moja, nayo ni herufi nene zenye miguu.

Miguu nisemayo ni vile vijistari vifupi vilivyo kwenye ncha za herufi, ambavyo wapiga chapa huviita serifu. Ikumbuke herufi kubwa I katika magazeti ya kale: ina kofia juu na viatu chini. Umbo hilo limetoka kwa Warumi, na mfano wake usifiwao kupita yote uko Roma, chini ya nguzo ya Kaisari Trajan, iliyosimamishwa mwaka 113. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kuwa serifu ilizaliwa na patasi ya mchonga mawe. Ndipo mwaka 1968 Edward Catich, padre wa Kimarekani, akatoa kitabu cha kuonyesha kuwa maandishi yale yalipakwa kwanza kwa brashi bapa, kisha yakachongwa kwa kufuata rangi. Serifu, kwa hoja yake, ni alama ya brashi inapogeuzwa mkononi mwanzo na mwisho wa mstari. Padre huyu ujanani mwake alipata kuchora vibao vya maduka huko Chicago. Mimi siioni ajabu kuwa mchora vibao ndiye aliyeliona jambo lililowapita maprofesa.

Basi fundi wa Kawangware, achukuapo brashi yake na kukigeuza kiganja ili herufi ipate mguu, haigi kitabu. Anafanya kazi ile ile iliyoizaa herufi.

Lakini si kila herufi nene yenye miguu inafaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wapiga chapa wa London walitengeneza herufi nene za matangazo, ambazo mistari yake ya wima ilikuwa mipana kama milango, na miguu yake myembamba kama unywele. Ukizisoma kwa karibu zinapendeza. Ukirudi nyuma hatua ishirini, unywele unatoweka na herufi inavunjika vipande. Mwaka 1845 Robert Besley, mwenye kiwanda cha herufi huko huko London, alitoa sura aliyoiita Clarendon. Miguu yake ilikuwa minene, nayo iliungana na shina kwa mviringo, kama mzizi unavyoungana na mti. Ilikusudiwa kuyakoza maneno ndani ya kamusi na vitabu. Sheria ilimlinda kwa miaka 3 tu. Muda ulipokwisha, kila mwenye kiwanda alimwiga, na sura hiyo ikatoka vitabuni ikaenda ukutani.

Sasa itie sura hiyo juu ya bati. Bati lina mikunjo, yaani matuta na mifereji. Mstari mwembamba ukiangukia kwenye mfereji unamezwa na kivuli, hasa jua la saa kumi linapopiga upande. Mstari mnene huvuka matuta mawili au matatu, na mguu wake hulishika jicho pale bati linapolipotosha. Hii ndiyo sababu ya unene, wala si tamaa ya kupiga kelele, ijapokuwa kelele nazo zipo.

Ninalolilaumu mimi ni jambo jingine. Siku hizi vibao vingi huchapwa kwa mashine juu ya plastiki, na mchapaji huchagua herufi kutoka kompyuta. Akiona jina ni fupi na ubao ni mrefu, huivuta herufi kwa upana. Mistari ya wima hunenepa, ya mlalo hubaki ilivyokuwa, na miguu hunyooka ikawa kama kandambili. Fundi wa brashi hawezi kukosa hivyo, kwa kuwa yeye hupima ubao kwa chaki kabla ya kugusa rangi, na kila herufi huijenga upya kwa nafasi iliyopo. Plastiki ni rahisi, nakubali, na mwenye kibanda hana fedha za kuchezea. Lakini ukiwa unatafuta zahanati usiku mtoto akiwa na homa, kibao kisomekacho kwa mbali si pambo.

Yako pia maandishi yasiyo na miguu, nayo hayapaswi kudharauliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipokuwa inachinjana, mchoraji ajulikanaye kwa jina la Solo7 alipita Kibera akiandika kutani maneno ya kudai amani. Hapakuwa na wakati wa kuremba, wala herufi zile hazikuhitaji kuaminiwa kama za duka, zilihitaji kuwahi.

Na iko X nyekundu. Hiyo hupakwa kwa mapigo mawili ya brashi juu ya jengo linalotakiwa kuondolewa, na wakazi wa Nairobi huisoma hata wasiojua kusoma. Mnamo Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Pamoja na kuta viliondoka vibao: majina yaliyopimwa kwa chaki, yakapakwa rangi mara mbili, yakatiwa kivuli upande wa kulia.