Kuuliza Kabla ya Kugusa

Mtazame msimamizi hodari wa seva akiwa kazini, utadhani hafanyi kitu. Seva iko nchi nyingine, diski imejaa na hifadhidata imegoma kuandika, lakini yeye hana pupa. Anaandika `df -h`. Jibu linasema sehemu ya `/var` imejaa asilimia 100. Anapima folda zake kwa `du`, na jumla haifiki hata nusu. Nafasi imeliwa na nini?

Hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Katika Linux, faili ikifutwa huku programu bado imeifungua, jina lake hutoka kwenye folda lakini data hubaki diskini mpaka programu iiachie. Anaandika `lsof +L1`, na programu iliyong'ang'ania faili ya logi inatajwa kwa jina. Anaiwasha upya, nafasi inarudi. Amri tatu za kuuliza, moja tu ya kubadili.

Programu za madirisha zina heshima yake. Mchoro wa mzigo wa seva kwa wiki nzima hueleza kwa mtazamo mmoja mambo ambayo safu za namba huficha, na zipo kazi zisizofanyika bila kipanya. Lakini faili isiyo na jina haionekani kwenye folda ili ibofywe. Tena maandishi ni mepesi, hupita hata mtandao ukisuasua. Na amri huhifadhiwa, ikasomwa na mwenzako, ikarudiwa kwenye seva mia. Mibofyo ya jana nani ataisoma?

Njia yenyewe ya kuifikia seva ya mbali, SSH, ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya nywila kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Telnet iliyotumika awali ilizipitisha wazi.

Anayebadili mipangilio ya SSH kutoka mbali anaweza kujifungia nje. Kwa hiyo fundi hukagua kwanza kwa `sshd -t`, huwasha huduma upya, kisha hufungua muunganisho mpya huku ule wa zamani ukiwa hai. Mpya ukikataa, wa zamani ndio atakaorekebishia. Kwa mgeni, huo ni woga. Kwa wenye kazi yao, ndiyo alama ya kumtambua anayeweza kukabidhiwa seva.