Mbwa wa Fry

Nimetazama Futurama episodi kwa episodi na vijana wetu. Ile ya kwanza, ya 1999, msambaza piza Fry anagandishwa, anaamka miaka 1,000 mbele. Anagundua wazazi na wenzake hatawaona tena, basi anashangilia! Hapa kambini hakucheka mtu.

Lakini ngojeni "Jurassic Bark" ya 2002. Profesa anaweza kumrudisha hai Seymour, mbwa wa Fry aliyegeuka jiwe. Fry anakataa: eti mbwa alishamsahau, aliishi vizuri. Ndivyo aliyeondoka anavyojituliza. Kumbe Seymour alimngoja miaka 12 nje ya duka la piza. Hapo mwisho hawakuweka kichekesho, na walifanya vema. Bender ananichosha, lakini episodi hii itafuteni. Watoto wadogo msiwaonyeshe usiku.