Chai ya kuvundikwa: kazi ya lundo, maji na joto

Reli ya TAZARA ilifika Tunduma mwezi Agosti 1973, ikijengwa na mafundi wa Kichina pamoja na maelfu ya wafanyakazi wa Kitanzania. Mwaka huohuo, mjini Kunming katika jimbo la Yunnan, mafundi wa kiwanda cha chai walikuwa wanahangaikia jambo jingine kabisa: chai yao ya pu'er ilihitaji kukaa ghalani miaka mingi ndipo ukali wake uishe, na wanunuzi wa Hong Kong hawakutaka kusubiri. Mmoja wa mafundi hao alikuwa mwanamke, Wu Qiying. Yeye na wenzake walikwenda Guangdong kuangalia jinsi majani yanavyoloweshwa ili yazeeke upesi, wakarudi, wakaanza majaribio. Walichokipata ndicho kinachoipa chai hii tabia yake hadi leo.

Ili kuelewa walichofanya, tuanze na chai tunayoijua. Chai ya Rungwe, inayochemka kila asubuhi katika migahawa ya Tunduma, Mlowo na Vwawa, huchumwa na kunyaushwa, kisha hupita kwenye mashine zinazoikata, kuichana na kuiviringisha. Halafu huachwa kwa muda mfupi ibadilike rangi kwa hewa, na mwishowe hukaushwa kwa moto. Moto huo unasimamisha kila kitu. Jani likitoka hapo, ladha yake imekwisha kuamuliwa, na kuanzia siku hiyo ghala haliiongezei kitu.

Yunnan hawafiki huko. Jani linabaki zima. Linakaangwa kidogo kwenye karai kubwa, linafikichwa, kisha linaanikwa juani. Kukausha kwa jua ndiyo siri ya kwanza, kwa sababu jua halina ukali wa tanuri na uhai fulani unabaki ndani ya jani.

Siri ya pili ni kuvundika. Majani makavu hurundikwa sakafuni, lundo likipanda karibu mita moja, hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa vitambaa. Baada ya siku chache lundo linapata joto lenyewe, bila kuni wala umeme, mpaka nyuzi 50 au 60 za Selsiasi. Kinacholipasha joto ni vijidudu: aina za ukungu, hasa Aspergillus niger, pamoja na hamira na bakteria. Hao hula katekini, zile kemikali zinazokwaruza ulimi, na kuzigeuza kuwa viambato vikubwa vya rangi ya kahawia. Ukali unashuka na rangi inakolea, lakini kafeini haitoweki. Kazi huchukua kiasi cha siku 45 hadi 60.

Maelezo haya yanaweza kumfanya mtu adhani ni kazi nyepesi. Sivyo. Joto likizidi katikati ya lundo, majani yanaungua na chai inakuwa na ladha ya mkaa. Maji yakizidi, majani yanaoza na kutoa harufu ya uchachu. Kwa hiyo lundo hupinduliwa kila baada ya siku kadhaa, la ndani litoke nje na la nje liingie ndani, na fundi mzuri hutambulika kwa kujua siku ya kupindua. Mkulima wa kahawa wa Mbozi atalielewa hili haraka. Naye huacha kahawa iliyomenywa ichachuke ili ute uachie, na akipitiliza muda, kahawa inaharibika. Tofauti ni kwamba ute wa kahawa huoshwa na kumwagwa, ilhali katika chai kinachonywewa ni hilo jani lenyewe lililochachuka.

Matokeo yake ni kinywaji chenye rangi ya damu ya mzee, kizito mdomoni, chenye harufu ya udongo uliolowa na mbao za zamani. Hakihitaji sukari. Maji ya kwanza humwagwa kuyasuuza majani, kisha majani hayohayo humiminiwa maji yanayochemka mara saba, nane au zaidi, kila mara kwa sekunde chache. Watibeti hunywa chai za jamii hii kwa siagi na chumvi, na Wamongolia kwa maziwa. Wauzaji huipamba kwa sifa za kuondoa mafuta mwilini. Sifa yake isiyo na ubishi ni ulaini wake mdomoni.

Anayenunua ajue pia kusoma namba. Keki ya kawaida ina gramu 357, na nyingi huandikwa tarakimu nne. Katika 7572, tarakimu 75 ni mwaka wa kubuniwa mchanganyiko, yaani 1975, 7 ni daraja la jani, na 2 ni kiwanda cha Menghai. Kunming ni 1. Muuzaji anayekuambia kwamba keki hiyo ilitengenezwa mwaka 1975 kwa sababu ya namba hiyo anakudanganya, au hajui anachouza.

Jina pu'er kwa sheria ya China ni la Yunnan peke yake. Lakini ufundi hauna mpaka. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, shamba la Satemwa wilayani Thyolo, lililoanzishwa mwaka 1923, limetengeneza chai ya kuvundikwa kwa majani yake lenyewe na kuiuza nje ikiwa na jina la Malawi. Hoja kwamba jani la Afrika linafaa kwa mashine ya kusaga tu imekwisha kujibiwa na jirani.

Rungwe wana jani, na wakulima wadogo wanaolitunza kwa mikono. Kikwazo halisi ni mvua nyingi ya Tukuyu, inayoacha miezi michache ya kuanika. Jua la uhakika liko upande wa Mbozi, ambako vichanja vya kahawa hukaa bila kazi msimu ukiisha. Haihitajiki mitambo ya mabilioni kuanza: karai, sakafu safi, kipimajoto na mtu mvumilivu vinatosha kwa lundo la majaribio. Vyama vya wakulima wa chai na watafiti wa zao hilo walifanye jaribio hilo, na walifanye kwa jani zima lililokaushwa juani, kwa maana chai iliyokwisha kusagwa na kupigwa moto haivundikiki.