Detekta ya kina na udongo wa Kigali: chuma si takataka

Anayetafuta detekta ya kusaka sarafu na vitu vya kale vilivyozama ardhini huanza kwa kuuliza inafika mita ngapi. Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana matangazo yao yanataja mita mbili, tatu, hata tano. Kwa Kigali ningeliweka swali hilo mwisho. Kwanza uliza udongo wako ukoje, kisha kitu unachokitafuta kina ukubwa gani na kimetengenezwa kwa nini. Ukishajibu hayo, kina kitajitaja chenyewe, na mara nyingi kitakuwa kifupi kuliko ulivyoahidiwa.

Koili ya detekta hutoa usumaku, usumaku huo ukaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande cha metali, nayo mikondo ikarudisha usumaku wake dhaifu juu. Kitu kidogo kikiwa mbali kuliko upana wa koili, nguvu hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali wakati wa kushuka, na kwa kipeo cha tatu tena wakati wa kupanda. Kwa jumla ni kipeo cha sita. Sarafu iliyo sentimita 60 chini hutoa ishara dhaifu mara 64 kuliko sarafu ileile ikiwa sentimita 30. Hakuna betri wala programu inayoifuta hesabu hiyo. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina upana wa milimita 30 na uzito usiofika gramu 12. Mashine nzuri ya mkononi, katika udongo mtulivu, huinasa ikiwa sentimita 25 au 30 chini. Anayekuahidi kuiona mita mbili chini anakudanganya.

Udongo wa vilima vya Kigali si mtulivu. Wengi huulaumu wekundu wake, lakini rangi peke yake haisemi mengi, kwa sababu oksidi ya chuma inayotia wekundu ina usumaku mdogo. Zinazosumbua ni magnetaiti na maghemaiti, na maghemaiti huzaliwa pia udongo mwekundu unapochomwa moto. Kwa hiyo palipokuwa na jiko, tanuri la matofali, nyumba iliyoungua au tanuri la kuyeyushia chuma, ardhi hupiga kelele kuliko shamba la jirani. Hapo ndipo watu waliishi, na hapo ndipo vitu vyao vimelala. Msakaji wa Kigali huikuta kelele kubwa zaidi mahali penye matumaini makubwa zaidi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua sumaku yenye nguvu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iburute kwenye udongo mkavu, kisha tazama imebeba vumbi jeusi kiasi gani. Fanya hivyo juu ya kilima, kisha bondeni kwenye udongo wa kijivu wa kinamasi. Ukifika Musanze, kwenye udongo uliotokana na lava ya milima ya Virunga, rudia tena. Nchi ni ndogo, lakini mashine iliyofanya vizuri bondeni inaweza kukosa maana kabisa kaskazini.

Sasa tuziangalie mashine zenyewe. Aina inayouzwa sana hutoa mawimbi ya masafa ya chini bila kukoma, kati ya kilohezi 3 na 100 hivi. Ni nyepesi na inakadiria aina ya metali, ila udongo wenye usumaku huizonga. Aina ya pili hutuma mapigo: inawasha koili, inaizima ghafla, inangoja mikrosekunde chache, kisha inasikiliza mikondo inavyofifia ndani ya metali. Katika kungoja huko sehemu kubwa ya sauti ya udongo hufa, na ndiyo sababu wachimbaji wa dhahabu wa Australia na Sudan, wenye ardhi ngumu kama yetu, walizipenda mashine za mapigo kama Minelab GPX 5000. Hata hivyo zipo chembe ndogo mno za oksidi ya chuma ambazo nazo hufifia taratibu na kuiga metali, kwa hiyo hata mashine ya mapigo lazima isawazishwe na ardhi ya pale unaposimama. Aina ya tatu ina makasha mawili kwenye mti mmoja, mfano Fisher Gemini-3. Hiyo hufika kina kirefu kweli, lakini kwa sanduku au sufuria. Sarafu moja haioni hata ikiwa juu ya majani.

Watumiaji wa mashine za aina ya kwanza hupenda kuwasha kichujio cha chuma ili misumari na vizibo vya soda visiwasumbue. Katika kijiji cha Ulaya chenye sarafu za Kirumi, sawa. Nchini Rwanda kichujio hicho kinafuta historia. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alifukua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, na miongoni mwa vitu alivyovikuta ni nyundo za chuma zilizowekwa chini ya kichwa cha mfalme. Nyundo ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Detekta iliyofundishwa kwamba chuma ni takataka ingemshauri mwenye nayo apite. Van Noten alichimba pia matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma, ya enzi ambayo sarafu haikuwa imefika huku. Jembe, mkuki, kengele ya mbwa wa kuwindia na nyundo ya mhunzi ndizo hazina za udongo huu. Mimi ninayetaka kujua yaliyopita nitazima kichujio na kuvumilia misumari.

Wanaotafuta mali za Mjerumani nao watazame kalenda. Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, aliweka makao yake Kigali mwaka 1907, na Wabelgiji wakauchukua mji Mei 1916. Ni chini ya miaka kumi, na Wajerumani wenyewe walikuwa wachache sana. Sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, na idadi yake ilikuwa 16,198 tu. Kilichopotea kwa kawaida huku ni heller, sarafu ndogo ya shaba, iliyodondoka njiani au sokoni, nayo huwa karibu na uso wa ardhi isipokuwa kama imefunikwa na mmomonyoko wa kilima. Kwa hiyo hata hamu ya sarafu haidai mashine ya mita tatu.

Wanaojua kupima detekta ni wategua mabomu. Rwanda iliridhia Mkataba wa Ottawa mwaka 2000 ikapewa hadi Desemba 2010 kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa Cartagena, Colombia, ikatangaza kwamba imemaliza. Katika kazi ya namna hiyo detekta haiaminiwi kwa maneno ya kiwandani. Huzikwa shabaha inayojulikana, katika udongo wa eneo lenyewe, kwa kina kinachojulikana, na mashine isiyoiona hairuhusiwi kuingia uwanjani siku hiyo. Kina kinachodaiwa mara nyingi ni sentimita 20, na huko maisha ya mtu yamo mikononi. Linganisha na mita tano za tangazo.

Iga mtindo huo kabla ya kulipa. Ponda kipande cha bomba la shaba kiwe bapa, ukubwa wa heller, tafuta na jembe kuukuu. Vizike sentimita 10, 20 na 30, kwenye kiwanja chako au cha aliyekuruhusu. Mwambie muuzaji apitishe mashine bila kujua ulipofukia. Akikataa, umeshapata jibu. Akikuletea fimbo yenye antena inayodai kunusa dhahabu mita mia mbali, ondoka. Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 mwaka 2013 kwa kuuza vifaa vya aina hiyo, ADE 651, vilivyotumika Iraq kama vigunduzi vya mabomu ilhali ndani havikuwa na kitu kinachofanya kazi.

Hukumu yangu: kwa vilima vya Kigali chukua mashine ya aina ya kwanza inayotumia masafa mengi kwa pamoja, yenye uwezo wa kujisawazisha na udongo na koili ya sentimita 28 hivi. Ya mapigo yenye koili pana inafaa kwa kitu kikubwa cha chini, kwa mtu mwenye subira ya kusikiliza kila chuma. Makasha mawili waachie wenye sababu mahususi.

Kuna jambo zito kuliko mashine. Ardhi hii ina watu. Makaburi ya halaiki ya wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaligunduliwa Kabuga, wilayani Gasabo, mwaka 2018, miaka 24 baadaye, na maelfu ya miili ilitolewa. Zipo pia guruneti na risasi za vita ambazo ramani za mabomu hazikuzitaja. Mlio mkubwa wa chini haukuambii ni jembe, ni guruneti, au ni funguo zilizokuwa mfukoni mwa mtu. Aidha, urithi wa utamaduni unalindwa na sheria ya 2016, na taasisi ya Inteko y'Umuco ndiyo inayohusika nao. Tafuta kibali kabla ya kununua mashine. Ukikuta mifupa au kitu kinachofanana na silaha, usichimbe hata sentimita moja zaidi: weka alama, waondoe watoto, mwite kiongozi wa mtaa na upige simu 112.