Mshipi wa Kitara na Thamani Yake

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hii hunenwa aghalabu juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa chombo cha nchi kavu ambacho wengi hawakijali, yaani mshipi unaochukua upanga wa ofisa. Upanga wenyewe hausahauliki. Katika gwaride humetameta juani na watoto huuelekezea vidole. Mshipi hautazamwi na mtu. Katika makala haya tunakusudia kuutetea mshipi huo, pamoja na bizimu, pete, kulabu na vikanda vyake.

Kitara, yaani upanga uliopinda, huchukuliwa katika ala ya chuma yenye pete mbili. Kila pete hushikwa na kikanda kinachoning'inia kutoka kwenye mshipi wa kiunoni. Kikanda cha mbele ni kifupi na cha nyuma ni kirefu, ili ala ilale mshazari isimkwaze mwenyewe. Mbele huwapo kulabu ndogo, ambayo mwenye kutembea kwa miguu huitundikia pete ya juu, ala isiburure chini. Mpinini hufungwa kitanzi cha ngozi au cha nyuzi za dhahabu, nacho huvishwa mkononi ili upanga usipotee vitani. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa pambo tu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mshipi uitwao Sam Browne. Ofisa huyo Mwingereza, aliyetumikia jeshi la India, alipoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Mkono huo ndio unaoituliza ala wakati wa kuchomoa upanga. Kwa hiyo akatumia ukanda wa kupita juu ya bega la kulia, uuchukue uzito wa upanga upande wa kushoto. Ulemavu wa mtu mmoja ukawa sare ya majeshi mengi, yakiwamo ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi auonapo ukanda ule kifuani mwa ofisa huona cheo. Sisi twataka auone pia mkono usiokuwapo.

Hatusemi haya kwa kuwa tulizaliwa nayo. Zamani, katika utumishi wetu, tulikabidhiwa sanduku la vitu vya kale tuviorodheshe. Tulikuta ngozi zilizokauka na bizimu zenye kutu ya kijani. Tukaamuru bizimu zisuguliwe mpaka zing'ae, na ngozi tukaziandika kwa maneno mawili: "mikanda chakavu." Mzee mmoja, mhudumu wa ofisi aliyewahi kuwa fundi viatu, akaviokota vikanda viwili, akavipima mkononi, akauliza: "Ndugu, hivi ni mtu na nduguye, mbona mmevitenga? Tazameni tundu hizi za sindano, mkono ni mmoja." Tulinyamaza. Vikanda vilipona, lakini dhahabu nyembamba iliyokuwa imepakwa juu ya bizimu ilikwisha kwenda na kitambaa. Hasara hiyo ni yetu, wala hatuna wa kumlaumu.

Basi mtambuzi aanze kwa kutazama kabla ya kusafisha. Mahali shaba inapogusana na ngozi yenye mafuta kwa miaka mingi hutokea utando wa kijani kama nta. Dhahabu iliyopakwa hulika kwanza mahali palipoinuka, ikabaki mabondeni. Kitu kilichochakaa sawasawa kila upande kitiliwe shaka, maana matumizi hayali kwa usawa. Katika mishipi ya Kiingereza, taji lenye matao ya mviringo kwa kawaida huonyesha wakati wa wafalme wa 1901 hadi 1952, na lile lililobonyea katikati ni la Malkia Elizabeth wa Pili. Lakini Mfalme Charles wa Tatu, aliyetawazwa baada ya 2022, amelirudisha taji la mviringo. Kwa hiyo alama moja haitoshi kuhukumu.

Ama thamani, hapa twapingana na watu wawili. Mchuuzi hupima kwa mng'aro, kwa hiyo husugua na kuharibu. Msomi hupima kwa jina la mwenyewe: mshipi wa jemadari atauweka kabatini, usio na jina atautupa. Wapo pia watakaouliza, kwa haki, utamaduni wa taifa una haja gani na mshipi wa mkoloni.

Jibu letu ni hili. Katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, ofisa Mwingereza alikuwa na mtumishi Mwafrika. Ofisa aliuvaa mshipi. Mtumishi ndiye aliyeupaka dawa na kuusugua alfajiri kabla ya gwaride. Jina la ofisa limo vitabuni. La mtumishi aghalabu halimo, lakini kazi yake imo katika ngozi iliyolainika na katika kingo za bizimu zilizolika kwa kitambaa. Tukiitupa ngozi ile twatupa maandishi pekee aliyotuachia mzee huyo.

Mwalimu asiye na kitara darasani asisikitike. Auchukue mkanda wowote wa zamani, hata wa babu aliyekuwa tarishi, awape wanafunzi waushike, kisha waandike kila alama waliyoiona na kazi iliyoisababisha. Bei yake waiulize mwisho.