Plagi za Gari Lenye Tabo

Moto wa injini ya petroli hauonekani. Unawaka umefungiwa pande zote, unaisukuma pistoni, kisha unatoka kwenye ekzosi ukiwa umeshakuwa moshi. Ukitaka kujua ulivyowaka bila kuivunja injini, kipo kitu kimoja kilichokaa nao chumba kimoja ambacho unaweza kukitoa kwa mkono wako na kukitazama juani, nacho ni plagi. Kwa hilo peke yake kazi ya kubadilisha plagi inastahili sifa, nami naisifu kutoka hapa Tunguu, uani kwangu chini ya mwembe, ambako ndiko ninakoifanyia.

Magari yetu ya Unguja mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika huko, yakashushwa bandarini Malindi na vibandiko vya Kijapani vingali chini ya boneti. Kwa mengi ya hayo, kubadilisha plagi si jambo la kuandikiwa insha. Toyota ndogo yenye silinda nne zilizosimama, ukifungua boneti plagi zote zimekaa juu kwa mstari, na mtu mwenye mkono mwepesi anamaliza baina ya adhuhuri na chakula. Subaru Forester ya tabo, ya lile umbo lililotoka mwaka 2002, ni habari nyingine. Injini yake, ya ukoo wa EJ20, imelazwa: silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zinakwenda na kurudi kwa ubavu. Kwa hiyo plagi nazo zinatazama ubavuni, kwenye kuta za chumba cha injini, na kila upande imeachwa nafasi ya kupita kiganja kilichobanwa, basi.

Tabo yenyewe ni wazo la zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Aliona kwamba moshi unaotupwa nje bado una nguvu, basi na uzungushe feni, na feni hiyo izungushe mwenzake wa kusindilia hewa ndani ya silinda. Feni hizo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na injini ya lita 2 ikapanda mlima kwa nguvu za injini kubwa kuliko yeye. Anayebeba gharama ya nguvu hizo ni plagi. Cheche ni umeme unaoruka pengo baina ya ncha mbili, na kadiri hewa inavyosongamana katika pengo hilo ndivyo umeme unavyotaka msukumo mkubwa zaidi ili uruke. Mjerumani Friedrich Paschen alilieleza hilo mwaka 1889, kabla magari hayajaenea: kinachoamua ni mgandamizo wa hewa ukizidishwa kwa upana wa pengo. Katika gari lenye tabo huwezi kuipunguza hewa, maana hewa ndiyo uliyoitaka. Unalipunguza pengo. Toyota nyingi zisizo na tabo huwekewa pengo la milimita 1.1, lakini plagi ya Forester hii hukaa kwenye 0.7 au 0.8. Pengo likilika na kupanuka kwa umri, gari bado litawaka vizuri asubuhi na kutembea taratibu bila kasoro. Siku utakapokanyaga mafuta kupita lori ndipo litakapoanza kukatakata na kumisi, na wengi hapo huilaumu pampu ya petroli.

Hebu fikiria kazi inayofanywa na kidude hicho. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche 1,500, yaani 25 kwa sekunde. Safari ya nusu saa kuelekea Paje, kupitia Bungi na msitu wa Jozani, ni cheche 45,000 kwa plagi moja, kila moja ikisukumwa na volti elfu nyingi. Na ncha yake sharti ikae katika joto lake: ikiwa chini ya nyuzi 500 hivi za Selsiasi masizi hayaungui, yanagandamana mpaka umeme ukapata njia ya mkato, ikipita 850 hivi, ncha yenyewe inakuwa kaa la moto, na petroli inawaka kabla cheche haijaitwa. Ndiyo maana plagi zina namba za joto. Kwa plagi za NGK namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi, maana yake hulipeleka joto upesi kwenye hedi. Gari hili linavaa PFR6G, yenye platinamu nchani. Vijana wanapenda kupanda hadi namba 7 kwa sababu wamesikia kwamba magari ya mashindano hufanya hivyo. Mimi nasema bakini kwenye 6 kama injini haijaongezwa nguvu. Gari la kwenda mjini na kurudi shamba, likisimama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, halina moto wa kuisafisha plagi baridi.

Sasa kazi. Injini lazima iwe imepoa kabisa, ilale usiku kucha ikibidi, kwa sababu hedi ni ya alumini na nyuzi zake za bolti zikivutwa zingali moto zinang'oka pamoja na plagi. Upande wa kulia unatoa kasha la chujio la hewa pamoja na bomba lake. Upande wa kushoto unatoa betri na tangi la maji ya kuoshea kioo. Koili zinakaa juu ya plagi, moja kwa kila silinda, na klipu zake za plastiki zimekaushwa na joto la miaka, kwa hiyo hubonyezwa kwa ukucha na kuvutwa polepole bila hasira. Kabla ya kulegeza plagi yoyote, puliza. Hapa kwetu barabara za ndani ni za mawe ya matumbawe, na vumbi lake jeupe linaingia kila shimo. Chembe moja ikidondoka ndani ya silinda haitoki tena kwa kuombwa. Nami hupuliza mara mbili, mara ya pili baada ya kuilegeza plagi robo mzunguko, kwani vumbi lililojificha chini ya ukingo wake hutoka hapo.

Soketi ya kufungulia ni namba 16, ndefu, yenye mpira ndani wa kuishika plagi. Huwezi kuingiza soketi, kirefusho na mpini vikiwa vimeungwa. Ukuta wa gari unakataa. Unaingiza soketi kwanza, kirefusho kifupi baadaye, halafu mpini, ukiviunganisha ndani kwa ndani. Silinda namba 3 ndiyo ngumu kuliko zote, iko nyuma kulia jirani na tabo, na huko jicho halifiki hata ukilala chini ya gari.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Plagi mpya haifungwi kwa mpini mwanzoni. Inashikwa kwa vidole, au kwa kipande cha bomba la mpira lililovikwa kichwani mwake, na kuzungushwa kinyume kwanza, taratibu, mpaka uisikie nyuzi ya mwanzo ikidondokea mahali pake. Ndipo unageuza kufunga. Ikiwa imeingia sawa inakwenda yenyewe mizunguko kadhaa bila ubishi. Ikiwa imeingia upande inakaza mapema, na hapo unarudi nyuma bila kuona haya. Mshonaji wa kofia ya vitobo huweza kuzungumza na jirani huku sindano ikitafuta tundu lake, na vidole vya plagi hufikia elimu ya namna hiyo hiyo. Haiandikiki kwenye kitabu cha gari. Kitabu kinakupa kipimo cha mwisho tu, mkazo wa nyutoni mita 21 hivi, na asiye na spana ya kupimia hufuata kanuni ya watengenezaji: kaza kwa vidole mpaka pete ya plagi iguse hedi, kisha ongeza nusu mzunguko, kwa plagi mpya. Usipake grisi kwenye nyuzi. Plagi hizi zimeshapakwa madini kiwandani, na grisi humfanya mtu akaze kupita kiasi asijue.

Kuna kijana jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tunguu, aliyesimama kunishikia tochi akaniuliza, "Ami, si bora ungemwita fundi?" Nikamwambia mafundi wa kisiwa hiki nawaheshimu, na wengi wana mikono kunishinda. Ila fundi ana magari matano yanamsubiri, na plagi zako za zamani atazitupa katika kopo moja na za wenzako. Kwangu mimi plagi za zamani ndizo nusu ya kazi. Nazipanga juu ya kitambaa kwa namba zake, 1 na 3 za kulia, 2 na 4 za kushoto, na kuzisoma.

Plagi yenye kauri ya rangi ya kahawia hafifu inasema mambo ni salama. Nyeusi kavu, ya masizi, ni petroli nyingi mno au chujio lililoziba. Nyeusi yenye mafuta ni oili inayopenya, pengine kwenye ringi, pengine kwenye sili za tabo yenyewe. Kauri nyeupe iliyokauka ni joto la kupindukia na petroli haba. Ukiona juu yake vidoadoa vinavyong'aa kwa udogo wa punje za chumvi, simamisha kila kitu: hiyo ni alumini ya pistoni, na injini imekuwa ikijigonga kwa mlipuko usio wa wakati wake. Mwenye gari la tabo anayeona vidoa hivyo mapema ameokoa injini nzima kwa thamani ya plagi nne. Na plagi hizo nne zinunuliwe kwa muuzaji unayemjua, kwa sababu za bandia zipo, boksi zake zimechapwa vizuri, na pengo lake huwa halilingani plagi moja na nyingine. Mimi napima kila moja kwa waya wa kipimo hata ikitoka kwenye boksi lililofungwa.

Safari hii namba 1, 2 na 4 zilikuwa za kahawia, sawasawa. Namba 3 ilikuwa nyeupe kuliko wenzake, bila doa la alumini. Ingekuwa bomba la tabo linavuja, zote nne zingebadilika rangi. Ikiwa moja tu, tatizo liko kwenye njia ya silinda hiyo peke yake. Kijana aliziinua juani akazigeuza, akaniuliza kama ni nozeli iliyoziba. Yaweza kuwa. Lakini gasketi ya manifoldi ni rahisi kuichunguza, na ikiwa inanyonya hewa upande wa namba 3 italeta rangi hiyo hiyo, basi tutaanza na gasketi, na nozeli itafuata.